Kura Imeharibika

Senene, wale panzi wa msimu wa mvua, wakianza kunukia kikaangoni, vitunguu vikiwa bado havijageuka rangi, watu wengi wa Karagwe huwakumbuka mama zao. Mimi namkumbuka Deo, na roho yangu inachafuka hapohapo. Nimejaribu kusali juu ya jambo hili. Padri aliniambia nisamehe, nikamwitikia kwa heshima, nikatoka kanisani na hasira zangu zote mkononi, maana sikuona sababu ya kuziacha kwenye benchi watu wengine wazikalie.

Deo ni mtoto wa baba mdogo, yule mdogo wake baba yangu aliyekuwa anafanya kazi Mwanza. Kila Krismasi walikuja kwetu Chonyonyo, na sisi watoto wa kibanjani, wa shamba la migomba, tuliwasubiri barabarani tangu asubuhi, miguu imepakwa mafuta mpaka magotini, vumbi likitukalia juu ya mafuta hayo. Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la tatu na Deo alikuwa la tano. Alishuka garini amevaa raba nyeupe, akaangalia migomba, akaangalia nyumba, akaangalia miguu yetu, kisha akamwambia mama yangu, "Mama mkubwa shikamoo, lini tunapiga msosi?"

Mama hakuelewa. Alimgeukia baba mdogo, naye akacheka akasema, "Anauliza chakula, shemeji. Kupiga msosi ndiyo kula, huko mjini." Niliyashika maneno hayo. Nilikuwa mtoto wa kike wa kushika maneno, na Kiswahili kilikuwa bado kigeni kinywani mwangu, kwa sababu nyumbani tuliongea Kinyambo na shuleni tulikariri. Nikajiwekea akilini kwamba watu wa Mwanza hawali, wanapiga.

Kwenye buti la gari kulikuwa na boksi mbili. Moja ilikuwa na televisheni ndogo, ile ya picha nyeusi na nyeupe, na nyingine ilikuwa na mashine ya gemu yenye pedi mbili zilizofungwa waya. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo baba aliazima betri ya gari, na fundi redio wa pale senta akaja kuunganisha. Mpaka leo naweza kuisikia ile harufu ya plastiki mpya ikipata moto, imechanganyika na harufu ya ndizi zinazochemka nje. Watoto wa jirani walijaa sebuleni, waliokosa nafasi wakaning'inia dirishani, na mama akawa anapiga kelele kwamba wanamkanyagia kahawa aliyoianika.

Kaseti ilikuwa moja, lakini ukiiwasha inakuletea orodha ndefu ya gemu. Deo alituambia ziko maelfu, nasi tukaamini, kumbe zilikuwa chache tu zinajirudia kwa majina tofauti. Aliyoipenda yeye ilikuwa ya ngumi. Watu wawili wanapigana, anayeanguka anatoa pedi, anakaa mwingine. Yeye alikuwa ameicheza mwaka mzima Mwanza, sisi ndiyo kwanza tunaona kitufe. Ulikuwa hujakaa sawasawa umeshaambiwa, "Toka, mshamba wewe, aje mwingine." Alitupiga wote, wakubwa kwa wadogo, na hakuinuka pale mkekani hata mara moja.

Gemu niliyoitaka mimi aliifungua kwa bahati mbaya. Ilikuwa ya vifaru. Chini kabisa kuna kinyumba kimezungushiwa matofali, na watu wawili wanakilinda pamoja, upande mmoja, huku vifaru vya adui vikishuka kutoka juu. Bibi, mama yake baba, alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Aliacha kisu. Bibi alikuwa na kibanja chake Bugomora, karibu na mpaka, na vita ilipokuja walikimbia, yeye akiwa na sufuria ya maharage kichwani, maharage yenyewe hayajaiva. Hakurudi tena kule. Ndiyo sababu alikuwa anakaa kwetu.

"Hivyo si vifaru?" aliuliza.

"Ndivyo, bibi."

"Na hicho kidogo kinavipiga?"

"Kinavipiga."

"Waitu!" alisema, akasogea karibu mpaka maganda ya ndizi yakamwagika. "Mimi nirivikimbia. Reo naomba vinikimbie vyenyewe."

Bibi alisema *nirivikimbia* na *reo*, kwa sababu sisi wa Kinyambo herufi l na r ni mtu na pacha wake, tunamwita yeyote anayekuwa karibu. Deo alicheka kwa jinsi alivyosema, akaifunga gemu, akarudi kwenye ngumi zake. Mimi nikamwangalia bibi akiokota maganda. Kuanzia dakika ile nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, nikae na bibi yangu kwenye ule mkeka, pedi moja yake, moja yangu, tuvipige vile vifaru.

Kesho yake ndiyo ilikuwa Krismasi yenyewe. Betri ilikuwa imeshachoka, na mwenye chaja pale senta alikuwa amefunga banda, yuko kwenye pombe ya rubisi mpaka sikukuu ipite. Baba mdogo akasema umeme uliobaki unatosha gemu moja, tena baada ya chakula cha mchana. Basi ukazuka ugomvi. Huyu anataka pikipiki, yule anataka bata, Deo anataka ngumi, mimi nataka vifaru. Baba mdogo alikuwa mpenzi wa siasa, na ilikuwa miaka ile vyama vingi vimeingia, watu hawaongei kitu kingine. Akapiga makofi akasema, "Jamani, ugomvi wa nini? Siku hizi tuna demokrasia. Tutapiga kura. Mwenye kura nyingi ndiye anayechagua gemu."

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoonewa. Kura sikuijua. Kwetu kura ilikuwa ndiyo kula, maana bibi, kila alipokijaribu Kiswahili, alituita, "Watoto mje mre, wakati wa kura umefika." Kupiga nilishafundishwa na Deo mwenyewe pale garini. Mambo ya ngeli, kwamba kula kungekuwa *kwingi* wala si *nyingi*, yalikuwa bado yako mbali na mimi. Kwa hiyo nilielewa sawasawa kabisa: atakayekula kuliko wote ndiye atakayechagua gemu. Tena niliona ni sheria nzuri, inafaa sikukuu.

Basi nikala. Kulikuwa na ndizi za kupondwa, maharage, nyama ya mbuzi, wali uliopikwa kwa heshima ya wageni. Nilimaliza sahani yangu, nikaomba nyingine. Mama alinishangaa, lakini mbele ya wageni hakutaka kuonekana mchoyo. Nilimaliza na hiyo. Nilimwangalia Deo akichokoa vipande vya nyama na kusukuma ndizi pembeni, nikamwonea huruma, maana alikuwa anashindwa vibaya na wala hana habari. Nikavuta sahani ya mdogo wangu nikaimaliza, nikakomba na sufuria. Nilikuwa nahema kwa shida. Niliwaza kidogo tu, kwamba kazi ya kuchagua ni ngumu, ndiyo maana watu wazima wanaigombania.

Walipokusanya sahani, nilisimama katikati ya sebule na tumbo langu mbele. Nikasema kwa sauti, jinsi tulivyofundishwa kujibu darasani, "Nimepiga kura kuwashinda wote. Nachagua ya vifaru, nitacheza na bibi."

Baba mdogo akauliza kura gani nimepiga, kwani mbona bado hawajaanza. Nikamwonyesha sahani. Deo ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alianguka chini kabisa, anapiga mkeka kwa kiganja. "Anadhani kura ni kula! Amekula! Jamani, huyu amekula!" Nyumba nzima ikacheka. Baba alicheka, watoto wa dirishani walicheka bila kujua wanacheka nini. Nikamtafuta mama, nikamkuta amejifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Ndizi zote zikapanda, nikakimbia mlangoni, na nilifika kwenye mgomba wa kwanza tu.

Deo alinifuata mpaka kizingitini, si kunishika mgongo. Alisimama pale na raba zake nyeupe, akaelekeza kidole kwenye kile nilichokitapika, akawatangazia watu wote kwa sauti ya redio, "Kura imeharibika!"

Ndani walicheka upya. Bibi peke yake alikuja na maji kwenye kata, akaninawisha uso, akasema kwa Kinyambo kwamba mtoto akila chakula cha nyumbani kwao hajafanya kosa. Deo alicheza ngumi mpaka betri ikaisha.

Wao waliondoka, jina likabaki. Kabla Januari haijaisha shule nzima ilikuwa inaniita Kura Imeharibika, na kwa kuwa ni refu, wakalikata wakaacha Kura. Nikiinuka kwenda kuchota uji, mtu anauliza leo nagombea nafasi gani. Siku ya kuchagua viranja mwalimu alisema, "Tutapiga kura," darasa likanigeukia lote, na yeye mwenyewe akainamia meza ili asionekane anacheka. Nililia mara ya kwanza. Mara zilizofuata sikulia, nilihesabu nani amecheka.

Mwaka ule nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni l na r. Nilikuwa nakwenda kuchuma kahawa huku natamka peke yangu, kula, kura, lala, rara, mpaka l yangu ikajua kulala na r ikajua kuruka. La pili ni hilo neno lenyewe. Nilimuuliza baba kura ni nini hasa, akanieleza: kila mtu ana moja, tajiri na maskini, mkubwa na mdogo, na anampa anayempenda. Nikamuuliza kama mtu anaweza kupendwa kwa kupikia watu. Baba alinitazama kidogo, akasema hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi.

Novemba senene wakaanguka. Wenzangu walikuwa wanakamata na kula papo hapo. Mimi nilikamata na kuweka. Nilikwenda kwenye majani kabla jua halijawakausha umande, nikarudi na chupa zimejaa, bibi akanisaidia kuwanyonyoa mabawa na miguu. Aliwakaanga kwa chumvi mpaka wakakauka wakawa wanalia kama changarawe kwenye kopo. Yeye hakuwaonja. Wanawake wa zamani wa kwetu waliwakamata na kuwapika senene, lakini kuwala ulikuwa mwiko wao, na bibi aliushika mwiko huo mpaka mwisho. Aliniuliza akiba yote hii ni ya nani.

"Ya kura," nilimwambia.

"Ya kura chakura, au ya kura ire iringine?"

"Zote mbili, bibi."

Bibi alifunika kopo, akaliweka juu ya dari jikoni ambapo moshi ungewatunza, na hakuuliza tena. Alikuwa mwanamke aliyejua maana ya kudaiwa kisasi na moyo wake mwenyewe.

Krismasi ikafika. Deo alishuka garini amerefuka, raba mpya, na neno lake la kwanza kwangu halikuwa salamu. "Kura! Umeshiba?" Nikamwamkia baba mdogo, nikabeba mizigo. Mchana ule nilimwonyesha kopo la senene kwa mbali, nikalifungua kidogo ili harufu imfikie. Mwanza senene walikuwa wa kununua, naye aliwapenda kupita kiasi. Aliomba. Nikamwambia subiri kesho. Jioni baba mdogo alishusha televisheni na gemu, akatangaza kwamba kesho tutapiga kura tena, ngumi au vifaru.

Asubuhi ya Krismasi, wakati wakubwa wanajipanga kwenda misa, nilipita kwa watoto wote, wa kwetu na wa jirani, mpaka wale wa familia iliyotoka Rwanda waliokuwa wakituchumia kahawa, ambao Deo hakuwahi kuwapa pedi hata ya kushika. Kila mmoja nilimwekea senene kwenye kipande cha jani la mgomba. Nikawaambia maneno mafupi. "Huyo ametupiga sote mwaka jana. Leo anayekula hawa, kura yake ni ya vifaru. Na kwenye vifaru hakuna anayetolewa na mwenzake." Walikula. Nilisimama nikawaangalia wanatafuna, na nilisikia raha kuliko kutafuna mwenyewe.

Baada ya chakula baba mdogo alileta mabakuli mawili na kikapu cha kahawa kavu. Bakuli la maua lilikuwa la ngumi, la bluu la vifaru, na kila mtu alipewa punje moja ya kahawa kwenda kuitumbukiza. Deo alitumbukiza ya kwanza kwa mbwembwe, akanigeukia akasema, "Kura, usiimeze hiyo punje." Watu wakacheka kama kawaida. Halafu watoto wakaanza kupita, mmoja mmoja, na kila punje iliyolia ililia kwenye bakuli la bluu. Deo aliacha kutabasamu mapema sana. Bibi alipita wa mwisho, amejifunga kanga kama anakwenda kortini, akaiweka punje yake kwenye bluu polepole, akalipiga bakuli kwa kidole.

Bakuli la maua lilikuwa na punje moja, ileile ya Deo.

"Ni rushwa!" Deo alipiga kelele. "Baba, amewapa senene! Nimesikia midomo yao inanuka!"

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa. "Na wewe ulikatazwa kuwapa?"

Ndipo nikasimama palepale niliposimama mwaka uliopita. Nilikuwa nimekula kidogo makusudi. Nikasema, taratibu, kila herufi mahali pake, "Kwanza wamekula. Halafu wamepiga kura."

Tulicheza vifaru mimi na bibi. Alikuwa mchezaji mbovu ajabu, anapiga matofali yetu wenyewe, anakitukana kifaru kwa Kinyambo kizito, anainua pedi juu kana kwamba itafyatuka vizuri zaidi. Tukawapisha wengine, wawili wawili. Deo alikaa ukutani akisubiri. Kila alipoomba nilimwambia zamu yake inakuja, na kila zamu ilipofika nilimpa mtoto mwingine, tena nilianza na wale wa wachuma kahawa. Picha ikaanza kupungua kwenye kioo kwa sababu betri inakufa, ikawa ndogo kama leso, ikawa nukta, ikazima. Nikamgeukia nikamwambia, "Haya, zamu yako." Alilia, mwanaume wa darasa la sita. Nilifurahi sana, na nikikumbuka bado nafurahi.

Ningemalizia hapo kama Deo angemalizia hapo. Lakini mtu wa aina yake ukimshinda anahifadhi maneno. Kwenye harusi yangu aliomba nafasi ya kusema kwa niaba ya ukoo, akashika kipaza sauti mbele ya wakwe zangu, akasimulia Krismasi ya kwanza yote, sahani, tumbo, mgomba, na mwisho akatangaza kwa ile sauti yake ya redio. Ukumbi ulivunjika mbavu. Krismasi ya pili hakuigusa. Mama mkwe wangu, mpaka anaingia kaburini, alikuwa akinipakulia anauliza kwa wasiwasi kama nitaweza.

Novemba iliyopita Deo alikuja kwangu. Amerudi kijijini siku hizi, amejenga, bati la rangi, na alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji. Nilikuwa jikoni nakaanga senene. Alivua kofia, akanisalimia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake, akakaa kwenye kigoda.

"Dada yangu," alisema, "sisi ni damu moja. Nimekuja kuomba kura."

Nikanawa mikono. Nikachukua sahani kubwa, nikapakua ndizi mpaka zikafanya kilima, nikamwaga maharage, nikaweka na senene pembeni, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

"Umeomba kura," nikamwambia. "Hiyo hapo. Ipige."

Alicheka, akasubiri nicheke. Sikucheka. "Mimi naomba ile nyingine, dada."

"Huku kwetu hatutofautishi. Wewe si unajua."

Alikula. Nilimsimamia mpaka akamaliza yote, akaaga, akashika njia ya migombani amelegeza mkanda.

Siku ya uchaguzi nilijipanga foleni kama raia mwema. Kura zilihesabiwa kwenye darasa la shule, lile lile nililochotea uji nikichekwa, na sisi wengine tulisimama nje ya madirisha tukisikiliza. Deo alikuwa ndani, kiti cha mbele. Hali yake haikuwa nzuri, jina la mwenzake lilikuwa linatajwa mara kwa mara. Kisha msimamizi, kijana mgeni wa kutoka wilayani, akafungua karatasi moja, akaigeuza juu chini, akawaonyesha mawakala.

"Huyu hakuweka alama," alisema. "Amechora sahani. Na kitu kama panzi."

Mawakala wakacheka. Deo hakucheka. Alikuwa ameshageuka kwenye kiti, ananitafuta kwa macho dirisha moja baada ya jingine, na alinipata wakati msimamizi anaiinua ile karatasi juu na kutangaza kwa sauti ya kufika nje, "Kura imeharibika!"

Nilimwangalia machoni. Nilikuwa natafuna.